Hewa ya Hapa

Boksi la zamani lilikufa bila wosia.
Jeusi, dogo kama nusu mche wa sabuni,
limezibwa gundi ngumu pande zote.
Miaka kumi na moja liliamua peke yake
petroli kiasi gani, cheche saa ngapi,
wala halikumwambia mtu.
Nilipolikata kwa msumeno, hapa Mabatini,
ndani nilikuta kutu ya kijani
na harufu ya maji ya ziwa.
“Uliizamisha?”
Lugembe akatazama pembeni.
“Kidogo tu. Kamanga, wakati wa kushuka kivukoni.”

Jipya limekuja na basi, ndani ya boksi la viatu.
Halijui kitu. Ndiyo sifa yake.
Linauliza kama mtoto wa chekechea:
silinda ngapi? nozeli inamwaga kiasi gani?
magneti ina meno mangapi?

Nikafungua kifuniko, nikahesabu kwa kucha yenye grisi.
Kumi na moja. Pa jino la kumi na mbili, wazi.
Halikuvunjika. Waliliacha makusudi:
meno yote yanafanana, gurudumu halichoki kuzunguka,
na injini isingejua kamwe iko juu au iko chini
kama si pale panapokosekana kitu.
“Kama wewe,” nikamwambia Lugembe,
ambaye gizani hatumtambui mpaka acheke.
Akacheka.

Waya ishirini na sita.
Wa kijani wenye mstari mweupe, wa kahawia,
wa pinki aliyepauka mpaka nikamlamba kidole nimsafishe.
Kulwa alishika tochi ya simu, akiuliza kama umeme huu unaua.
Volti kumi na mbili haziui mtu, nikamjibu;
waya mmoja ukikosewa unaua laki sita.

Halafu jedwali.
Vijumba mia mbili hamsini na sita kwenye skrini,
kila kimoja na namba yake ya petroli,
na aliyezijaza alikuwa amekaa usawa wa bahari,
ambako hewa ni nzito kama uji.
Sisi tuko juu, mita elfu moja mia moja na ushei.
Kipimo cha huko, kwetu ni ulevi.
Pikipiki iliwaka mara ya tatu, ikatapika moshi mweusi
mpaka Nyanzobe akafunika beseni la vitumbua
na kuniita kwa majina yangu yote matatu.

Aliyenifundisha kazi aliinamisha kichwa,
akazungusha skrubu ya kabureta robo, basi.
Sikio lake ninalo.
Sikio likisema “kavu” na sensa ikasema “sawa”,
nachomoa plagi: ikiwa rangi ya chai ya maziwa,
sikio linyamaze.

Usiku tukashika barabara ya Musoma.
Yeye mbele, mimi nyuma,
kompyuta nimeifunga kifuani kwa kanga.
Gonga moja begani, ongeza. Gonga mbili, achia.
Nyakato nikapunguza tatu.
Buzuruga, kwenye matuta, nikarudisha moja.
Ikawa kila kijumba kina mahali pake:
hiki ni ule mwinuko wa kwenda Igoma,
hiki ni foleni ya malori kwenye mzani,
hiki, huyu bwana akimkimbia trafiki.

Kimoja kilibaki.
Mizunguko elfu tatu na mia tano, mzigo nusu:
inasita, kama mtu aliyesahau jina la jirani.
Nilikuwa bado nakitafuta simu yake ikaita.
Zahanati. Chupa za damu ziko kwenye kibaridi,
Bugando wanazingoja.
Akaniacha pale Igoma, kompyuta kwenye kanga,
akaondoka na kazi ambayo haijaisha.

Nikamsikiliza.
Gia ya kwanza. Ya pili.
Hapo, hapo kwenyewe, ikasita.
Ya tatu.